Ng'ombe hawafukuzi sungura

"Nimewaacha ng'ombe wazile nyasi mpaka udongoni. Sungura wakikosa nyasi watahama wenyewe." Nimeambiwa hivyo tena juzi, kwenye geti la shamba moja huku Uingereza, fereti wangu wakikwaruza sanduku kwa hamu ya kutoka. Kazi yangu ni kuwatoa sungura mashimoni kwa fereti, yule mnyama mwembamba wa jamii ya vicheche anayefugwa Ulaya kwa kazi hii tangu zama za Warumi. Maneno hayo nayasikia kila msimu, na kila nikiyasikia najua mwenye shamba ameshawaandalia sungura karamu.

Tuanze na mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Huzungusha ulimi kwenye nyasi, akabana, akavuta. Nyasi zikibaki urefu wa vidole viwili, ulimi hauna cha kushika. Sungura ana meno ya mbele juu na chini, makali kama patasi, na hukata jani likiwa usawa wa udongo karibu. Kwa hiyo malisho yakishaliwa mpaka chini, anayelala njaa ni ng'ombe. Sungura yeye anazipenda hasa nyasi fupi zinazochipua upya, maana ni laini na zina lishe, na tena uwanja mfupi unamwezesha kumwona mbweha angali mbali. Asichopenda ni nyasi ndefu zenye umande, zinazomlowesha na kumfichia adui.

Mwenye shamba akibisha, humwomba tupige magoti pamoja kandoni, pale kwenye ua wa miti penye mashimo. Nyasi za hapo ni kama zulia, na kinyesi cha mviringo kama njegere kimetapakaa. Ukilitazama jani moja moja unaona limekatwa mshazari, safi, kama kwa kisu. Jani aliloling'oa ng'ombe huwa limechanika. Sasa tembea hatua ishirini au thelathini kuelekea katikati: nyasi zinapanda polepole, kwa sababu sungura hapendi kwenda mbali na shimo lake. Ng'ombe hali kwa mpango huo. Hiyo hasara ya pembeni ndiyo mfugaji anayoilaumu kwa mvua, kwa mbolea, kwa kila kitu isipokuwa sungura.

Halafu kuna ragiwoti, gugu lenye maua ya manjano. Mbegu yake inataka udongo ulio wazi, na sungura akifukua na kukwangua anauacha wazi. Yeye mwenyewe halili. Basi linasimama peke yake pale palipoliwa, na lina sumu inayoharibu ini la ng'ombe. Likiwa bichi ng'ombe hulikwepa kwa uchungu wake, lakini likikatwa pamoja na nyasi za kukausha uchungu unapungua na sumu inabaki. Ndiyo maana nasema, tena kwa sauti: pumzisha kando za shamba, zungusha ng'ombe kwa zamu, acha nyasi zipande. Hilo peke yake halitamaliza sungura waliokwisha kujaa, ila utakuwa umeacha kuwalisha.

Wa pili kwa kunichosha ni anayepiga simu mwezi wa Mei, akishaona vitoto vya sungura vimejaa kila mahali. Jike hubeba mimba kama mwezi mmoja tu, na anaweza kupandwa tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa. Wakati huo mashimo yana watoto wasioweza kukimbia, na fereti akiwakuta huko chini hana sababu ya kutoka. Niite kuanzia Novemba hadi Februari. Majani yamepukutika, mashimo yanaonekana, na ng'ombe wengi wako bandani kwa baridi. Hilo la ng'ombe kuwa bandani lina uzito kuliko watu wanavyodhani. "Hawana shida, wapole," huambiwa. Mitamba ina udadisi mno: dakika tano tu imenizunguka, mmoja anatafuna wavu niliotega kwenye tundu, wengine wanakanyaga juu ya mashimo. Sungura akisikia kishindo juu ya kichwa chake hachomoki, anaona heri apambane na fereti humo humo. Na ng'ombe mwenye ndama, akimwona mbwa wangu, anaweza kumuua mtu. Wahamishwe kwanza, ndipo nifungue sanduku. Nyavu nazihesabu nikitega na nikitegua, kwa sababu wavu mmoja uliosahaulika unaweza kuishia tumboni mwa ng'ombe.

Mengine nayajibu kwa ufupi. Fereti hawamalizi sungura kwa kuwaua. Kazi yao ni kuwatisha sungura wachomoke, wanase kwenye nyavu ndogo tulizofunika kila tundu, na kuua ni kazi yangu, haraka. Wala fereti mwenye njaa hawindi vizuri zaidi. Huyo ndiye atakayeua chini, ale, alale, nami nishinde nachimba nikifuata ishara ya kola yake. Wangu hula asubuhi kabla ya kazi, daima.

"Sungura ni wa jirani, hawanihusu." Kwa sheria ya mwaka 1954, karibu kote Uingereza na Wales anayeitumia ardhi ndiye mwenye wajibu wa kudhibiti sungura walio juu yake.

"Ingiza fereti na kwenye lile shimo kubwa." Kama ni la baja, yule wa ukoo mmoja na nyegere, siingizi, hata sungura wawe wamepanga humo. Sheria ya 1992 inakataza kuyagusa makazi yake, na mfugaji mwenye hasira za kifua kikuu cha ng'ombe, ugonjwa ambao baja hulaumiwa kuueneza, asinitafutie kesi.

Na ndugu zangu wa nyumbani mnaoniomba niwaletee fereti wawili: sungura wa porini wa Afrika Mashariki si huyu. Wa kwetu hachimbi, hulala juu ya ardhi kwenye kijilalio cha nyasi na kutegemea mbio, kwa hiyo fereti hana shimo la kuingia. Atakachokiingilia ni banda la kuku. Nyuzilandi waliwafungulia fereti porini miaka ya 1880 ili wawamalize sungura. Sungura wapo hadi leo, na fereti wanaua kiwi, ndege asiyeweza kuruka.