Mafua ya kusi: yasemwayo barazani na yaliyomo damuni

Kusi ikianza kuvuma Lamu, hakosi mtu barazani mwenye leso puani. "Ni upepo huu, mwanangu," aliniambia mzee mmoja wa Langoni juzi, akinisogezea kikombe cha kahawa. Upepo hauzai kirusi. Homa ya mafua, yaani influenza, mtu huipata kwa mtu mwenzake, na hapa Kenya huzunguka mwaka mzima. Mvua za kusi hutukusanya ndani tu, tukapumuliana.

"Basi mimi niliugua mwaka jana. Sishikwi tena."

Hapo ndipo penye utamu. Ni kweli damu hukumbuka. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya damu ya wazee 32, wenye miaka 91 hadi 101, walioishi wakati wa homa kubwa ya mafua ya 1918: wote walikuwa bado na kingamwili, yaani askari wa damuni, dhidi ya kirusi kile, takriban miaka 90 baadaye. Lakini kingamwili hushika umbo lile lile lililozizoesha, na kirusi hiki hubadilisha umbo kila mara. Ndiyo maana chanjo yake hupitiwa upya kila mwaka.

Kipimo chenyewe cha kuzitafuta kingamwili hizo kinapendeza. Maji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na kirusi, kisha hutiwa chembe nyekundu za damu ya kuku. Kingamwili zikiwa haba, kirusi huzishikanisha chembe zikatanda kama wavu. Zikiwa za kutosha, chembe huzama chini zikawa kitone chekundu.

Mtafiti Mmarekani Thomas Francis, aliyekitambua kirusi cha mafua cha aina ya B mwaka 1940, aliandika mwaka 1960 kwamba kirusi cha kwanza kukupata utotoni huacha chapa: ukishikwa na cha ukoo mwingine ukubwani, mwili hukimbilia kutengeneza kingamwili za kile cha zamani.

Na wale wa "nilichanjwa, nikaugua"? Chanjo ya sindano haina kirusi kilicho hai, na huchukua kama wiki mbili kingamwili kupanda. Antibiotiki nazo huua bakteria, kirusi hazikigusi.

Nilimuuliza mzee alizaliwa lini. Kabla ya 1957, akasema. Basi huenda kirusi chake cha kwanza kilikuwa cha H1N1, ukoo wa mafua uliozunguka hadi mwaka ule, nikamwambia. Ndiyo maana H1N1 mpya ilipozuka mwaka 2009, wazee duniani hawakushikwa sana kama vijana.

Akacheka. Kisha akajifunika shuka mabegani, maana upepo, alisema, ni upepo.