Sikio zima halichoshwi na ubovu wa mwenzake

"Sikio lililobaki limechoka, lafanya kazi ya mawili." Wenye uvimbe kwenye neva ya usikivu uliowaharibia sikio moja, Lamu na Malindi, hawachoki kuirudia kauli hii, na mara nyingi huja nayo na kipande cha pamba kilichosokomezwa sikioni ili "lipumzike". Mzee wangu, toa hiyo pamba.

Sikio si punda wa kubebeshwa mzigo wa mwenzake. Sauti inayoingia sikio la kulia ni ileile, la kushoto liwe zima au liwe bovu. Kinachochoka ni ubongo. Kwa masikio mawili, hulinganisha muda na ukali wa sauti kila upande ili kujua imetoka wapi na kuichambua katikati ya kelele. Likibaki moja, kichwa kinakuwa ukuta: sauti nyembamba kama s na f, zikitoka upande wa sikio bovu, hupungua desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 15 au zaidi kabla ya kuvuka. Ndiyo maana mtu husikia vizuri chumbani, lakini penye maulidi huambulia nusu ya maneno, na punda akimjia kwa nyuma kichochoroni hajui apishe upande gani. Pima sikio zima, utakuta mara nyingi liko sawa na la mtu wa umri wake.

Kama kweli limeshuka, tafuta sababu: nta, usaha, umri, gentamisini (antibiotiki inayoweza kudhuru masikio), injini ya boti, spika za harusi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye 89 una saa 5 tu. Hapo pamba haifui dafu. Chukua kizibo cha sponji, kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie nusu dakika kijae.

Uvimbe kuhamia upande wa pili? La. Si saratani, hausambai. Wenye uvimbe pande zote mbili kwa kawaida wana NF2, hitilafu ya jeni kwenye kromosomu ya 22, na wengi huanza kuona dalili wangali vijana. MRI ya kichwa (picha ya sumaku) huonyesha pande zote mbili kwa mpigo mmoja.

"Lakini kipimoni sikio bovu lilisikia!" Kwa vipokea sauti vya kawaida, kuanzia desibeli 40 hivi sauti huweza kupenya fuvu na kusikika upande mzima. Uliza kama sikio zima lilipigiwa kelele ya kulifunika. Kama sivyo, kipimo kirudiwe.

Sikio hilo moja likififia ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, usilitie mafuta ya nazi ukangoja. Vuka siku hiyohiyo kumwona daktari wa masikio: dawa za steroidi hufaa zaidi zikianza mapema, na wiki mbili zikipita matumaini hupungua sana.