Ubaguzi usio wa moja kwa moja: maana yake kwa mtu mwenye ulemavu

Konda wa haisi akimwona abiria mwenye kitimwendo pale stendi ya Moshi akamwambia "gari imejaa, mzee", na viti vitatu viko wazi, hakuna anayehitaji wakili wa kumfafanulia kilichotokea. Mtu amekataliwa kwa sababu ya ulemavu wake. Huo ni ubaguzi wa moja kwa moja. Unaotuchanganya ni ule wa pili, ambao hauna hata mtu wa kumnyooshea kidole.

Ubaguzi usio wa moja kwa moja ni pale utaratibu uliowekwa kwa watu wote unapowafungia mlango watu wenye ulemavu, wakati kazi au huduma yenyewe haiuhitaji. Chukua kampuni ya utalii ya Arusha inayotafuta mhasibu. Tangazo linataka shahada, uzoefu wa miaka miwili na leseni ya udereva. Leseni ya nini, kwa mtu atakayeshinda mezani na hesabu? Huenda aliyeandika tangazo alinakili tu lile la kutafuta madereva. Lakini mhasibu asiyeona, anayetumia kompyuta yenye programu ya kumsomea kwa sauti, keshatolewa kabla bahasha yake haijafunguliwa. Hakutukanwa na mtu. Pengine bosi wa kampuni hiyo ni mtu wa huruma kabisa, na bado amebagua, kwa kuwa kinachoangaliwa hapa ni matokeo ya utaratibu, si roho ya aliyeuweka.

Kampuni hiyohiyo ikitafuta dereva wa kupeleka wageni Ngorongoro, leseni na macho ndiyo kazi yenyewe. Hapo hakuna ubaguzi.

Kwa Tanzania, mambo haya yamo kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kinamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya ulemavu, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, na kinamhesabu hata anayeomba kazi kuwa mwajiriwa. Utamu wa kifungu hiki, kwa maoni yangu, uko kwenye ushahidi: mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakwenda mbele zaidi: kukataa kufanya marekebisho yanayowezekana nako ni ubaguzi. Marekebisho gani? Mara nyingi ni madogo ya kuchekesha. Walioitwa kwenye usaili wanapigiwa simu, kiziwi "hapokei", jina linakatwa. Ujumbe mfupi wa simu ungetosha.

Wapo wanaouliza: mbona Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na mbona halmashauri zinawatengea asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo? Huo si ubaguzi kwa wengine? Hapana. Sheria inaruhusu hatua za kumsogeza aliyeachwa nyuma.

Wakazi wa Arusha huniuliza kuhusu ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa iko mjini kwao. Kwa bahati mbaya ukaribu huo hausaidii: mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka kesi huko moja kwa moja. Mgogoro wa kazi unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1. Aliyeachishwa kazi ana siku 30. Aliyenyimwa kazi kwa ubaguzi ana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Na lile tangazo la leseni lipige picha siku hiyohiyo unayoliona, maana likishabanduliwa ubaoni utabaki unasimulia tu.