Mbaazi zetu na soko la India: dhana potofu na ukweli

Dhana: India ni rafiki wa siku nyingi, haiwezi kutuacha na mbaazi mkononi.

Ukweli: Ilishatuacha. Agosti 2017 India, mlimaji na mlaji mkubwa kuliko wote wa mbaazi duniani, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Wakulima wake walikuwa wamevuna mno, bei kwao imeshuka, na serikali yoyote huanza na wapigakura wake. Huku Lindi, Mtwara na Babati bei ikaporomoka na wakulima wakabaki na magunia ndani.

Dhana: Mikataba ni makaratasi ya wakubwa, mkulima haimhusu.

Ukweli: Watazame Msumbiji. Mwaka 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alipozuru Maputo, walitiliana saini makubaliano ya miaka mitano yaliyotaja tani za kila mwaka. Ukomo wa 2017 ulipokuja, mzigo wao haukuhesabiwa humo. Zao lile lile, bahari ile ile! Malawi nao wakapata makubaliano yao mwaka 2021, tani 50,000 kwa mwaka. Mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ana haki kabisa ya kumuuliza mbunge wake: makubaliano yetu sisi yanasemaje?

Dhana: Umbali ndio unaotuumiza.

Ukweli: Bahari hii imevukwa kwa kaskazi na kusi tangu enzi za majahazi. Kinachoumiza ni kalenda. Mbaazi za India huanza kuvunwa kwa wingi Desemba. Zetu hutoka katikati ya mwaka, maghala yao yakiwa yamepungua. Mzigo ukikwama Dar es Salaam ukisubiri kufukizwa dawa ya wadudu au cheti cha afya ya mimea, unafika Mumbai pamoja na mavuno yao, na bei imeshakwenda.

Dhana: Bei ikiwa nzuri mnadani, uhusiano umekomaa.

Ukweli: Hiyo ni bei ya msimu tu. Mwaka 2023 zimepigwa hatua za kudumu zaidi: njia ya kulipana kwa rupia na shilingi, na kampasi ya IIT Madras (Taasisi ya Teknolojia ya India) Zanzibar, ya kwanza ya IIT nje ya India. Lakini mbaazi nyingi bado zinaondoka nzima, zikakobolewe na kupasuliwa kuwa dali huko huko. Kiwanda cha kukoboa na kupasua kikijengwa Mtwara kwa mtaji wa Mhindi, siku ukomo ukirudi yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kubisha hodi wizarani New Delhi.