Kiwanda kipo Mkuranga, na bado kioo kitaendelea kushuka bandarini

Jumamosi nilikuwa Gerezani, kwenye duka la vioo, nimempelekea mteja nyaraka za kontena lake. Akaingia kaka mmoja anayejenga Kigamboni, akaona kreti la mbao lenye maandishi ya Kichina, akanigeukia mbele ya watu: "Kiwanda cha kioo si kipo Mkuranga? Hiki mnakileta cha nini? Ninyi mawakala wa forodha ndio mnaoua viwanda vyetu."

Zamani swali hili lilikuwa la mchanga: pwani nzima tunao, tunaagizaje kioo? Sasa limekuwa la kiwanda. Nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama, kwa hiyo nalijibu hapa.

La mchanga nalimaliza haraka. Mchanga wa kioo unatakiwa uwe silika (madini yanayoyeyuka kuwa kioo) karibu yote, na chuma chini ya asilimia 0.1. Kitazame kioo cheupe ubavuni, ule ukijani ndio chuma. Tena mchanga ndio malighafi rahisi. Kinachouma mfukoni ni magadi na moto. Magadi huufanyia mchanga kile yanachoyafanyia maharage, huuwahisha kulainika. Bila hayo silika peke yake inataka nyuzi 1,700 hivi, na hata ukiwa nayo bado unahitaji karibu 1,500. Wakenya wana magadi yao ya Ziwa Magadi. Sisi tuna Ziwa Natron, ambalo ni mazalia ya flamingo, na Engaruka, ambako magadi yake tumeyazungumza miaka mingi. Moto angalau tunao: gesi ya Songo Songo ilifika Dar mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likafuata 2015.

Sasa tuje kwenye tanuru, maana ndilo watu wasilotaka kulielewa. Kiwanda cha Mkuranga, alichokizindua Rais Samia Septemba 2023, kina uwezo wa tani 700 kwa siku. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa mita ya mraba. Piga hesabu: mita za mraba 70,000 kila siku, karibu viwanja kumi vya mpira. Na tanuru halizimwi. Likishawashwa linawaka usiku na mchana, Idi na Krismasi, miaka kumi hadi kumi na tano, kwa sababu likipoa kioo kinaganda ndani na matofali yanapasuka. Soko likilala, kioo kinaendelea kumwagika juu ya dimbwi la madini ya bati yaliyoyeyushwa, ambako hutandazika kuwa shiti. Hakuna kusema "tutosheke kwanza nyumbani, ndipo tuuze nje." Nairobi, Lusaka na Lilongwe zilikuwa kwenye hesabu kabla tofali la kwanza halijawekwa. Tulijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini tumo Jumuiya ya Afrika Mashariki na tumo SADC, hivyo mzigo wenye cheti cha uasili, cha kuthibitisha umetengenezwa hapa, unapita Namanga kwa mlango mmoja na Tunduma kwa mlango mwingine.

Tanuru hilohilo ndilo linalotulazimisha kuagiza. Linatoa rangi moja kwa wakati, na kubadili rangi kunakula siku kadhaa za kioo kisichouzika. Nani atafanya hivyo kwa ajili ya kontena tatu za kioo cha rangi ya shaba cha ghorofa moja la Upanga? Vichupa vya chanjo navyo ni kioo cha aina nyingine kabisa. Ujerumani ina viwanda vya kioo tele, na inanunua kioo cha wengine kila siku.

Halafu kuna wanaonibandikia jedwali la forodha kana kwamba limeshamaliza ubishi. Sura ya 70, ile ya kioo, wanasema, ona pengo kati ya tunachoagiza na tunachouza nje. Jamani! Kioo cha mbele cha gari kikija peke yake kinaandikwa namba 70.07, kikija kimefungwa kwenye gari kimo sura ya 87 ya magari, hukioni. Chupa ya Chang'ombe ikivuka mpaka tupu ni 70.10. Chupa hiyohiyo ikivuka na bia ndani inahesabiwa 22.03, ni bia. Kwa hiyo kioo chetu kingi kinatoka nchini bila kuitwa kioo. Na hapo kuna kanuni inayonisumbua hadi leo: chombo hufuata kilichomo, ila kikiwa cha kutumika tena na tena kinaweza kuandikwa peke yake. Chupa ya kurudisha je? Nimeshashika kadhia mbili, yaani fomu za forodha, za chupa za namna moja, zimeandikwa tofauti, na sikuweza kusema nani amekosea.

Hofu yangu ni nyingine kabisa. Ujenzi ukidorora ukanda huu, kiwanda kitaomba ushuru upandishwe kwa kioo cha nje, na kwa tanuru lisilozimika sitakilaumu kwa kuomba. Lakini atakayelipa ni fundi wa Mbagala na mwenye nyumba yake ya vyumba viwili. Hilo ndilo ningependa tulijadili.

Yule kaka nilimfungulia kreti. Kilikuwa kioo cha rangi ya shaba, milimita 6. Madirisha yake yalitaka cheupe cha milimita 5. Fundi akavuta shiti ya Mkuranga, akailaza mezani, akachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, akapiga mstari mmoja mrefu.