Kongosho bandia chumbani kwa upasuaji: maana yake na kazi yake

Kongosho bandia ni mtambo unaopima sukari ya damu mfululizo na kuirekebisha wenyewe, bila kungoja muuguzi aje kumtoboa mgonjwa kidole. Una kihisi cha kupima, kompyuta ya kukokotoa dozi na pampu ya kuingiza dawa mwilini.

Wanaouhitaji sana ni wanaokatwa kongosho lenyewe, mara nyingi kwa sababu ya saratani. Upasuaji wowote mkubwa hupandisha sukari, kwa kuwa mwili uliojeruhiwa humwaga homoni zinazolifanya ini liachie glukosi, yaani sukari ya damu. Sukari ikikaa juu, kidonda huchelewa kupona na vijidudu hupata nafasi. Kwa mgonjwa huyu, kiungo kinachotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari, ndicho hichohicho kinachokatwa. Likiondolewa lote, huondoka pia na glukagoni yake, homoni inayoinua sukari ikishuka mno. Naye akiwa kwenye nusukaputi hawezi kusema kwamba anatetemeka au anasikia kizunguzungu.

Kushuka huko ndiko kunakotisha zaidi. Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kuibana sukari kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kwa lita kulipunguza vifo vya wagonjwa mahututi waliofanyiwa upasuaji. Kisha mwaka 2009 ukaja utafiti wa NICE-SUGAR, wenye wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000. Waliobanwa sukari walikufa asilimia 27.5, na walioachiwa ifike hadi 10 walikufa asilimia 24.9. Sukari ilishuka vibaya kwa asilimia 6.8 ya kundi la kwanza, dhidi ya 0.5 tu. Kwangu mimi, tarakimu hizo ndizo hoja kubwa ya kuutaka mtambo: mkono wa binadamu, ukipima mara mojamoja, huweza kuchelewa.

Huko Kochi, Japani, madaktari waliutumia kwa wagonjwa waliokatwa kongosho. Mtambo wao huvuta damu kidogokidogo kutoka mshipa wa mkono, huisoma, kisha sukari ikipanda huingiza insulini, na ikishuka huingiza glukosi. Katika jaribio lao dogo la mwaka 2009, hakuna mgonjwa ambaye sukari yake ilishuka mno. Ila ni mtambo mkubwa, wa kukaa kando ya kitanda.

Kwa waliokwisha kuondolewa kongosho lote, Waholanzi wametengeneza mtambo wa kubeba mwilini, wenye insulini na glukagoni pamoja. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba sukari ya wagonjwa hao ilikaa sawa kwa muda mrefu kuliko walipojidunga au kutumia pampu ya kawaida.