Kura ya kuwakataa wote ni nini?

Ni nafasi moja zaidi kwenye karatasi ya kura, chini ya majina ya wawaniaji, ambayo mpiga kura huitia alama kusema kwamba katika hawa hataki hata mmoja. Kura hiyo ni halali. Huhesabiwa na kutangazwa kivyake, kama ya mwaniaji mwingine yeyote.

Kenya haina nafasi hiyo. Mkazi wa Embakasi au Lang'ata aliyechoshwa na wote ana njia mbili: akae nyumbani, au aende akaiharibu karatasi. Akikaa nyumbani, hakuna wa kumtofautisha na aliyekuwa mgonjwa au aliyebanwa na kazi. Akiandika matusi (na watu huandika, tena marefu), kura yake inawekwa pamoja na ya mzee aliyetetemeka mkono akatia alama kati ya majina mawili. Usiku wa kuhesabu, darasani, msimamizi wa kituo huinua karatasi mawakala waione, huiweka kando, na mwishoni hujaza tarakimu moja tu kwenye Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo: kura zilizokataliwa. Aliyekasirika na aliyekosea wanakuwa kitu kimoja.

Na si wachache. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilipita 113,000, zaidi ya walizopata wawaniaji George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure zikijumlishwa.

Hapo ndipo jambo lenyewe linaponoga. Katiba, kifungu cha 138, inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Mwaka 2013 tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Uhuru Kenyatta kwa asilimia 50.07, ikiwa imejumuisha kura zilizokataliwa. Alivuka nusu kwa takriban kura 8,400. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamua kura iliyokataliwa haiingii kwenye hesabu hiyo, na msimamo huo ndio uliopo. Sasa chukulia kwamba karatasi ingekuwa na nafasi ya kukataa wote. Kura hizo zingekuwa halali, zingeingia kwenye jumla, na katika kinyang'anyiro cha namna ile zingeweza kutupeleka duru ya pili. Sitarajii Bunge liwe na haraka na mswada wa aina hiyo.

Kwa gavana, seneta au mbunge mambo ni tofauti. Huko mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata akiwa na asilimia 30, kwa hiyo nafasi ya kukataa haingebadili chochote mpaka sheria iseme wazi kinachofuata ikiongoza. Wanaoitetea mara nyingi husahau sehemu hiyo, ilhali nguvu yote imo humo.

India iliweka nafasi hiyo kwenye mashine za kura baada ya uamuzi wa Mahakama yao ya Juu wa Septemba 2013, ila mwaniaji anayeongoza kwa kura hushinda tu, hata kama waliokataa ni wengi kumliko. Mwaka 2024, katika eneo la Indore, mwaniaji wa chama cha Congress alijiondoa, na zaidi ya watu 218,000 wakabonyeza kitufe cha kukataa. Kitufe kilishika nafasi ya pili. Bunge lilipata mbunge wake kama kawaida. Jimbo la Nevada, Marekani, lina utaratibu kama huo tangu miaka ya 1970. Nikki Haley alibwagwa na nafasi hiyo katika mchujo wa Republican wa 2024, mchujo ambao jina la Donald Trump halikuwemo. Ilikuwa fedheha, basi.

Colombia wameipa meno. Kura tupu, ndivyo wanavyoiita kura ya nafasi hiyo, zikizidi nusu ya kura halali, uchaguzi hurudiwa mara moja tu, na kwa kiti kama cha meya wawaniaji wale wale hawaruhusiwi kurudi. Mji wa Bello ulimkataa hivyo mwaniaji wa pekee wa umeya mwaka 2011. Indonesia nako, mwaniaji wa pekee wa umeya au ugavana hushindana na kisanduku kitupu kwenye karatasi ya kura, na mwaka 2018 kisanduku hicho kilishinda katika jiji la Makassar.

Kwetu, akiteuliwa mwaniaji mmoja tu wa urais, kifungu hicho hicho cha 138 kinasema atangazwe mshindi bila kura kupigwa.